Mwano wa Uongo

Kezia Nkeshimana hakupenda filamu za kuuana, ingawa ndizo zilizomlisha. Katika kibanda umiza chake pale Lusahunga, nyuma ya maegesho ya malori, watu walikufa kila siku kuanzia baada ya chakula cha mchana. Walikatwa mapanga, walipigwa risasi, walitupwa kutoka ghorofani, na mtafsiri wa Kiswahili akawacheka wakiwa bado hewani. Wateja walipiga makofi. Kezia alikaa mlangoni na chupa yake ya chai, akifuma vitambaa vya makochi, mgongo ameuelekeza kwenye skrini.

"Mama Irakoze, geuka basi uone huyu anavyochinjwa!" walimtania.

"Nilishaona," alijibu kila mara, nao walidhani anaisema filamu.

Alikuwa mtoto walipovuka mpaka kutoka Burundi na kuingia Ngara, yeye, mama yake na dada yake. Baba yao hakuvuka. Kezia alikuwa amelala kwenye migomba, uso umebanwa kifuani kwa mama yake, lakini jicho moja lilikuwa wazi. Aliyoyasahau ni mengi. Aliyoshindwa kuyasahau ni kwamba waliomuua baba yake walikuwa majirani, kwamba kabla ya kuanza walinyamaza, na kwamba kitu cha kwanza walichofanya ni kumvua viatu. Mtu asiye na viatu hakimbii mbali kwenye njia ya mawe.

Maisha mengine yakaja juu ya hayo. Aliolewa, akazaa binti, Irakoze, aliyekuja kuolewa Nyarubungo, akafiwa na mume, akauza ndizi za kuchoma kwa madereva. Mwisho akajenga kibanda cha mabanzi, akanunua televisheni kubwa, dishi na king'amuzi. Na king'amuzi ndicho kilichomtesa. Kifurushi kilikuwa na tabia ya kukatika mpira ukiwa umenoga. Wapakia mizigo waling'oa mabenchi. Siku moja mmoja wao alirusha chupa, ikampasua Kezia juu ya jicho, damu ikamwagika kwenye kitambaa alichokuwa anafuma. Alishonwa bila ganzi. Kesho yake akampigia Emilian.

Emilian alikuwa mtoto wa dada yake, aliyeolewa kwa Wahangaza wa Nyamiaga. Alikuwa fundi simu, mtu mzima mwenye mke, mchekeshaji, mwenye vidole vyembamba kama vya mpiga kinanda wa kanisani. Alihamia Lusahunga na kufungua kibanda chake jirani na cha Kezia. Siku ya kwanza tu alipanda juu ya bati, akafungua dishi, akalishusha.

"Mama mdogo, hili wape kuku wakanywee maji. Siku hizi watu wanaangalia bure kwenye mtandao."

"Bure ya nani, Emilian?"

"Bure ya bure. Unaweka bando kidogo, unaunganisha simu na televisheni, basi. Mpira wote, filamu zote, na hakuna wa kukukatia."

Kezia aliliweka dishi uani likitazama juu, akawa analianikia maharage.

Ile programu haikutoka kwenye duka la simu. Ilitembea mkono kwa mkono, kutoka simu ya dereva mmoja hadi ya mwingine, na hakuna aliyejua liliko chimbuko lake. Ilipowekwa iliomba ruhusa: kusoma ujumbe wako, kuona majina ya watu wako, kutuma ujumbe kwa niaba yako. Emilian alibonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama mtu anayemaliza rozari haraka ili akale. Watu wakapenda. Waliotaka kuangalia wakiwa nyumbani walimletea simu zao, na Kezia mwenyewe aliwaelekeza: nenda kwa mwanangu pale, atakuwekea.

Mmoja wao alikuwa Ferdinand, mwenye bucha. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, mkimya, aliyekaa na baba yake mzee Desderius, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Ferdinand alikuwa pia mwenye sauti katika sungusungu, chini ya kamanda Anatory. Mwaka uliotangulia, yeye ndiye aliyesimamia kutengwa kwa mlevi mmoja aliyepiga mwano kwa utani.

Mwano ni ule ukelele wa Wasukuma, ambao pale Lusahunga sasa ni wa makabila yote. Ukipigwa, kila mwanamume huacha alichoshika na kukimbilia unakotoka, na asiyetoka huhesabiwa kuwa ndiye mwizi. Kwa hiyo hauchezewi. Yule mlevi hakupigwa. Alitengwa tu: hakuna aliyemsalimu, hakuna aliyemuuzia chumvi, na aliyemjibu angetengwa naye. Aliondoka na watoto wake alfajiri moja, na mpaka leo hajulikani aliko.

"Niwekee na mimi hiyo ya bure," Ferdinand alimwambia Emilian, akimpa simu iliyonuka mafuta ya ng'ombe. "Nimechoka kukaa kwenye mabenchi ya mama yako."

Habari yenyewe waliisikia redioni, kibandani, wakati wa mapumziko ya mechi. Mtangazaji alisema kuna wadukuzi wanaoingia kwenye simu za watu kupitia programu za kuangalia televisheni bure, kwamba wanasoma ujumbe na kutuma wa kwao kwa jina la mwenye simu, na kwamba aliyeweka programu hizo azitoe mara moja.

Watu wakacheka.

"Lusahunga watadukua nini? Picha za mihogo?"

"Mimi wakisoma ujumbe wa mke wangu watalia wao!"

Kezia hakucheka. "Emilian, si ndiyo hii yetu?"

"Mama mdogo, hao wanataka turudi kulipia. Kila kitu cha bure lazima wakitie pepo." Kisha akaongeza sauti ya televisheni, kipindi cha pili kikaanza.

Baada ya wiki chache, asubuhi, Ferdinand akiwa machinjioni na simu ameining'iniza kwenye koti nje, ujumbe ulitoka kwenye simu hiyo kwenda kwa kila jina lililokuwamo. Ulisema: Baba ametutoka alfajiri hii. Tunaomba rambirambi zenu kupitia namba ifuatayo.

Mzee Desderius wakati huo alikuwa anakunywa uji.

Wa kwanza kuja ni majirani, wakilia tangu barabarani. Walimkuta marehemu na bakuli mkononi. Mama mmoja alianguka pale pale. Wengine walicheka kile kicheko cha woga, kisha wakanyamaza, kwa sababu kumtangazia kifo mtu aliye hai ni kumwita ardhini. Mzee alitazama mikeka waliyokuja nayo, akauliza taratibu, "Nani amenizika?"

Esperansia, dada yake Ferdinand, alikuwa shambani kwake huko Ngara. Alimpigia kaka yake, akampigia tena na tena. Simu ililia ndani ya koti, na ng'ombe walikuwa wanalia zaidi. Hakubadilisha hata nguo. Alipanda bodaboda na jembe akaliacha limesimama kwenye mtaro. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kushuka Lusahunga, dereva wa pikipiki akiwa anasihiwa aongeze mwendo, walikutana na semitrela lililokuwa likilipita lingine.

Aliyekwenda kumkusanya ni Ferdinand. Alikwenda na turubai la bucha kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Waliomsaidia walisema hakutoa sauti. Alitafuta mkono mmoja majanini kwa muda mrefu, akauona, akaupangusa vumbi, akauweka mahali pake.

Mikeka iliyoletwa kwa ajili ya mzee ilitandikwa kwa ajili ya binti yake. Kezia naye alilala msibani, akachambua mchele, akachota maji. Emilian alikuja kutoa pole. Hakuna aliyempa kiti. Alisimama kidogo, akaondoka.

"Nenda Nyamiaga," Kezia alimnong'oneza. "Leo hii."

"Nikikimbia si nitakuwa nimekiri, mama mdogo? Mimi sikutuma ule ujumbe. Hata simu yangu imetuma kwa mama kwamba nimefungwa. Acha niwaeleze."

"Hawatauliza."

"Ni wateja wangu wote hawa. Wananijua."

Kezia alitaka kumwambia kwamba hata baba yake alijulikana na wote. Mtu akamwita jikoni. Hakumwambia.

Walizika mchana. Jua lilikuwa bado juu waliporudi, na waliporudi hawakupitia nyumbani kunawa mikono. Walipitia kwa Emilian. Kezia alisikia mabanzi yakivunjika. Alipotoka walikuwa wamemburura hadi kwenye sakafu ya machinjio, nyuma ya bucha. Simu alizokuwa akizitengeneza zilikuwa zimetapakaa njia nzima, zikikanyagwa. Ferdinand alikuwa amemshika kwa kola, na udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye magoti yake.

"Chukua." Alimbamiza simu mdomoni. "Ifungue. Nionyeshe dada yangu yuko wapi humo ndani."

"Kaka Ferdi, nisikilize. Si mimi. Hii programu ina watu wake, huko mbali, sijui hata ni—"

"Bado ana maneno!" mtu alisema, na rungu likatua begani. Kezia alisikia mfupa. Emilian alipiga magoti, akajaribu kusimama, wakampiga tena nyuma ya magoti. Damu ilimtoka puani ikaingia kwenye mfereji wa saruji, ule unaopitisha damu ya ng'ombe.

Kezia alipenya. Aliwajua wote. Huyu alikaa benchi la mbele siku zote. Huyu alikunywa chai bila sukari. Yule aliyependa kupiga makofi kuliko wengine alikuwa ameshika tairi kuukuu, ameliegemeza pajani kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Baba Adelfina," alimwambia Ferdinand kwa jina la mtoto wake. "Nakuomba. Mpelekeni kituoni. Ni mimi niliyemwambia aweke. Nipige mimi."

"Mama Irakoze, toka hapa. Ulilala msibani kwangu. Usinifanye nisahau."

"Warundi wanateteana!" sauti ilitoka nyuma. "Mlikuja na sufuria kichwani, leo mnatuua kwa simu!"

Mtu alimsukuma. Alianguka kwenye ukingo wa sakafu, kiwiko kikapasuka, na akiwa chini akaona kati ya miguu yao uso wa Emilian, jicho moja limefumba, akimtazama. Kamanda Anatory alisimama pembeni na filimbi yake. Aliipeleka mdomoni, akaishusha.

"Tumpeleke kwa mtendaji, jamani," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Emilian alivishwa tairi shingoni. Kijana mmoja alitumwa petroli kwa watu wa bodaboda. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja, na katika ule ukimya mtu aliinama, akaanza kumfungua Emilian kamba za viatu.

Kezia aliinuka akaondoka. Walidhani anakimbia asione, na mmoja akamcheka. Alizunguka mashine ya kusaga, akapita mihogo, akapanda kichuguu kikubwa kilicho upande wa bonde, mahali sauti inapokwenda mbali. Alijua anachokifanya ni nini. Alimkumbuka yule mlevi, mke wake akisimama dukani na hela mkononi, muuzaji akipangusa rafu kana kwamba hakuna mtu.

Akapiga mwano.

Hakuwahi kuupiga maishani. Ulitoka mwembamba, mrefu, ukapanda mpaka koo likahisi kuchanika, na mwisho akatupa jambo lenyewe:

"Ng'ombe! Ng'ombe wa mzee Desderius wanaswagwa! Bondeni! Wana bunduki!"

Kule machinjioni vichwa viligeuka. Aliupiga tena. Mwanamume wa pili hakusubiri wa kwanza. Kundi lile, lililokuwa kama kitu kimoja, lilichanika vipande vipande. Marungu yaliinuliwa juu, miguu ikageuka, na wakaanza kukimbia kuteremka bondeni wakiitikia ukelele kwa ukelele. Filimbi ya Anatory ililia kwa nguvu, kama ya mtu aliyefunguliwa kamba.

Ferdinand hakukimbia. Alisimama juu ya Emilian, shoka la kukatia mifupa mkononi.

"Ferdinand!" kamanda alipaza sauti kutoka mbali. "Ng'ombe wa baba yako! Unataka tuseme nini juu yako?"

Ferdinand alitazama bonde, akatazama aliyelala. "Nikirudi nikukute," alisema. Aliupanua mkono wa kulia wa Emilian kwa mguu wake, juu ya saruji, akapiga kwa kisogo cha shoka. Kisha akakimbia.

Kezia alifika akiwa hana pumzi. Alilivua tairi. Wanawake wachache walikuwa wamebaki, na hawakumsaidia, ila hata mmoja hakumzuia. Alimburura, viatu vikimchomoka njiani, mpaka kwenye maegesho, ambako dereva wa Kinyarwanda aitwaye Iradukunda, mteja wake wa ndizi tangu zamani, alikuwa ameona yote kutoka dirishani.

"Mama, mimi ni mpita njia. Sitaki matatizo ya watu."

"Basi wewe endesha tu. Mlango uache wazi."

Iradukunda alitukana kwa lugha yake, akashuka, akambeba Emilian mabegani kama gunia, akamtupa kwenye kitanda nyuma ya kiti. "Na wewe panda!"

"Nikipanda mimi, watalifuata lori. Wakinikuta hapa, wataanza na mimi." Alifunga mlango. "Hospitali yoyote ya kule Ngara. Usisimame njiani."

Lori lilipotea juu ya mlima. Kezia alirudi machinjioni, akakaa juu ya lile tairi, akasubiri.

Walirudi wakitiririka jasho. Walikuwa wamekuta ng'ombe wote wanakula majani, na mchungaji amelala.

"Nani kapiga mwano?"

"Mimi."

Ferdinand alimpiga kibao kilichomwangusha. Akamnyanyua, akampiga tena, na jino likatoka pamoja na mate. Kijana wa petroli alikuwa amesharudi na kidumu. Kulikuwa na kitambo kifupi ambapo Kezia aliona jinsi wanavyokitazama kidumu, na jinsi wanavyomtazama yeye.

Hapo ndipo Anatory alipopata sauti yake.

"Mwano wa uongo una adhabu yake," alisema, akaingia katikati, "na adhabu yake haina petroli. Tuliitunga wenyewe. Ferdinand, wewe ndiye uliyeisoma mwaka jana. Isome."

Ferdinand alihema. Mikono ilimlegea kidogo kidogo. "Atengwe," alisema, kisha akakaa kwenye sakafu ya machinjio, akalia kwa mara ya kwanza tangu kwenye kona ile.

Polisi walikuja siku iliyofuata, wakauliza, hakuna aliyeona, wakaondoka. Baadaye redio ilisema watu fulani wamekamatwa katika chumba cha kupanga, mji wa mbali, wakiwa na laini nyingi za simu. Walitajwa kwa haraka, kabla ya habari za michezo. Hakuna aliyewavua viatu.

Kezia alitengwa. Alipofika kisimani, ndoo ziliondoka. Alipopita sokoni, wauzaji waliinama kupanga nyanya zao. Yule wa benchi la mbele alivuka barabara. Malori yaliendelea kusimama, ila madereva walikwisha kuambiwa. Mabenchi yalishika vumbi, na televisheni aliifunika shuka. Simu janja aliitupa chooni, akanunua kitochi cha vitufe. Kwenye kitochi hicho ndipo Emilian alipompigia kutoka kwa mama yake Nyamiaga, sauti ikiwa imekonda.

"Mama mdogo, kidole gumba kinacheza."

"Vingine?"

"Vingine bado. Njoo huku basi. Utakaa na nani hapo?"

"Nitakuja," alisema. Alikuwa amesema hivyo tangu walipoanza kuongea.

Asubuhi moja alikuwa uani akigeuza maharage yaliyoanikwa kwenye dishi alipoona kivuli. Mzee Desderius alikuwa amesimama pale na fimbo yake, na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee," ilimtoka kwa mazoea, kisha akaziba mdomo.

"Marahaba."

Kezia alitazama huku na huku. "Mzee, nenda. Watakutenga na wewe."

"Wanitenge nini? Mimi ni marehemu. Watu waliletewa habari, mikeka ikatandikwa, na binti yangu akaja kunizika. Marehemu hatengwi." Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, taratibu, akipanga mifupa yake. "Una chai?"

Kezia alimmiminia. Alikunywa yote.

"Sijaja kukusamehe," alisema mwishoni. "Usije ukadhani. Mtoto wako alimwachia nyoka mlango, na wewe ulimshikia taa."

"Najua."

"Ila kuna jambo linaninyima usingizi. Uliwapigia mwano wa ng'ombe, wakaacha. Nimekaa nikajiuliza, ungewaambia kuna binadamu anauawa, nani angegeuka?" Alitikisa kikombe kuona kama kina kitu, akakirudisha. "Hata mwanangu. Aliacha kwa sababu ya ng'ombe wangu."

Aliinuka, akamwachia ule mfuko. "Ferdinand alitaka kuvichoma. Vilikuwa nyumbani kwangu. Mpelekee mwenyewe."

Aliondoka kwa kupitia mbele, katikati ya soko, polepole, ili aonekane.

Ndani ya mfuko kulikuwa na viatu vya Emilian, kimoja kimefunguliwa kamba, kingine bado kimefungwa vizuri kama alivyokifunga mwenyewe asubuhi ile. Kezia alivifulia damu mpaka maji yakawa safi. Aliyakusanya maharage yote kwenye gunia, akaviweka viatu juu ya dishi vikauke. Kisha akaingia ndani kufunga nguo zake.